Breki Tulizozifunga Njiani kwenda Buta

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya duka langu la sufuria ananiuliza jambo lile lile: "Kambale, mulifika?" Nami hujibu kwamba tulifika, kisha nageuza mazungumzo, namuulizia mtu watoto wake au mvua ya kwao. Nimechoka kukwepa. Nakaa sasa niandike yote mara moja, msome, mpeane, msiniulize tena mmoja mmoja. Kufika tulifika. Lakini kufika kuna namna zake, na namna yetu bado inaniuma.

Kwa wale wasiojua: dada yangu Kahindo, kitinda mimba wa mama yetu, aliingia kwa masista huko Buta akiwa bado msichana. Jumapili ya wiki ile ya safari ndiyo alikuwa anaweka nadhiri zake za daima. Kwa masista wake kuna desturi kwamba binti haendi altareni peke yake. Mzazi wake humpokea mlangoni mwa kanisa, humshika mkono, hutembea naye mpaka mbele, na hapo ndipo humwachia. Baba yetu alishafariki tukiwa bado Butembo. Mkono uliobaki ulikuwa wa Mama. Kwa miezi kadhaa alikuwa akifanya mazoezi uani kwangu, amemshika mke wangu mkono, wanatoka jikoni mpaka kwenye lango, naye anamkemea: "Polepole! Hapa si sokoni!" Sisi tulikuwa tunacheka, lakini yeye hakuwa akicheka hata kidogo.

Kisangani mpaka Bengamisa

Tuliondoka Alhamisi asubuhi katika pikapu yangu, watu watatu kwenye kiti kimoja: mimi kwenye usukani, Mama katikati, na dirishani rafiki yangu Lofemba. Huyu Lofemba mnamfahamu wengi wenu. Zamani tulikuwa tunaendesha toleka pamoja, zile baiskeli za kubeba abiria, kabla mimi sijaingia kwenye sufuria na yeye kwenye kutengeneza pikipiki. Kwao ni Yanonge, watu wa mto kabisa, na barabara ya msituni anaiogopa kuliko maji. Alikuja kwa sababu nilimwomba, na kwa sababu Mama alimwambia kwamba safari bila mtu wa kucheka naye ni adhabu.

Nyuma tulipakia sufuria mpya za jiko la masista, gunia la maharage, na kuku wawili ambao Mama aliwasemesha safari nzima kupitia kidirisha cha nyuma. Nguo yake ya siku ile aliipakata mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki: kitenge cha buluu chenye ndege weupe, ambacho ukoo wote tulikata kutoka jora moja. Tulivuka daraja la Tshopo akiwa ananyonya limau ili asitapike. Hakutapika, ila limau lilikwisha mapema, na kuanzia hapo alifumba macho na kusali rozari kwa sauti kila nilipopita kwenye shimo. Kwenye njia ile hiyo ni rozari ndefu.

Bengamisa tulisimama kula. Mama mmoja alituletea lituma na samaki aliyepikwa kwenye majani. Mama yangu ameishi Kisangani miaka yote hii lakini bado hajasuluhishwa na lituma, anasema ni ndizi iliyopigwa bila kosa. Alikula samaki, akaisukuma lituma kwa Lofemba. Wakati huo watu walikuwa wamezunguka gari wakigonga sufuria zetu kwa vidole, wakidhani tumekuja kuuza. Yule mama wa chakula akauliza kama tunaenda harusini.

"Harusi, ndiyo," Mama akajibu. "Ya mutoto yangu wa mwisho."

"Na bwana ni nani?"

"Ni Yesu."

Yule mama alipangusa mwiko wake, anafikiri. "Bon," akasema mwishowe. "Huyu hatamupiga."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, wakashikana mikono kama marafiki wa siku nyingi. Tulichelewa pale kuliko tulivyopanga, kwa sababu ilibidi habari yote ya Kahindo isimuliwe tangu ubatizo. Siujutii muda ule hata leo. Ule ndio ulikuwa muda mzuri wa safari.

Baada ya Bengamisa

Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa imelainika kama uji. Tulikuwa tunateremka kuelekea kijito kimoja nilipokanyaga breki na mguu wangu ukaenda mpaka chini bila kukuta kitu. Nilikanyaga tena, hakuna. Nilibadilisha gia, nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye kichaka cha mianzi, nacho kilitupokea vizuri. Kuku walipiga kelele. Mama alifungua macho, akauliza kama tumefika.

Lofemba aliingia chini ya gari na kutoka na jibu. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele la kushoto, ule unaopeleka mafuta ya breki mpaka gurudumuni, ulikuwa umepasuka. Mafuta yote yalikuwa yamemwagika njiani. Tulikuwa na chupa ya mafuta mengine, lakini mpira wa akiba hatukuwa nao.

Hapa ndipo niwaombe msome polepole, maana hapa ndipo safari yetu ilipovunjika, ingawa siku ile tuliona tumeiokoa. Mnajua tunavyofanya huku kwetu: gurudumu likivuja, unaukunja mpira wake, unaufunga kwa waya, mafuta hayatoki tena, na unaendelea na breki zilizobaki. Lofemba aliufunga ule wa kushoto. Kisha akakaa juu ya visigino vyake akiwaza. Akasema tukiacha breki ya mbele upande mmoja tu, kila nitakapokanyaga gari litaruka upande wa kulia na kutuingiza msituni. Hapo alikuwa sahihi. Kwa hiyo, akasema, tufunge na ya mbele ya kulia. Tubaki na mbili za nyuma, zote sawa.

"Kambale, kumbuka toleka," aliniambia. "Mutu akikamata frein, breki ya mbele, kwenye mulima, yeye anaruka, meno inabaki chini. Frein ya nyuma njo ya mutu wa akili. Hata pirogue, mutumbwi yetu, mwenye kuisimamisha anakaa nyuma."

Mimi kidevuni nina kovu. Nililipata karibu na soko, nikiwa na abiria mnene na magunia yake, baada ya kushika breki ya mbele ya toleka kwenye mteremko. Tangu siku ile vidole vyangu viliapa kutoishika tena. Kwa hiyo Lofemba hakuhitaji kunishawishi, nilikubali kabla hajamaliza, na nikaona tena kwamba tuna bahati: kilichoharibika ni kile cha hatari, kilichobaki ni kile cha kuaminika.

Mama alikuwa ameshuka, amesimama akituangalia. "Na ya mbele munaifunga yote?" akauliza. "Mie, wakati nilikuwa nabeba muzigo kushuka mulima kule Lubero, ni vidole ya mbele njo ilikuwa inalia. Kisigino haikukuwa na kazi."

"Mama, gari haina vidole," nilimwambia. "Ingia, upumuzike."

Lofemba alicheka, nami nikacheka. Mama aliingia garini, akapakata mfuko wake wa nguo. Kila nikikumbuka safari ile huanza na kicheko kile, na laiti ningekuwa na njia ya kukirudisha mdomoni.

Tulijaza mafuta ya ile chupa, tukaendelea. Kwenye tambarare gari lilisimama vizuri kabisa, Lofemba akanipiga bega kwa furaha. Kwenye miteremko ilikuwa hadithi nyingine. Ilibidi nikanyage mapema, tena kwa nguvu, na baada ya vilima viwili tulianza kusikia harufu ya kuungua. Tulisimama, tukagusa magurudumu. Ya nyuma yalikuwa ya moto kiasi kwamba maji tuliyoyamwagia yalipanda kama mvuke wa chungu. Ya mbele yalikuwa baridi, kama gari limeshinda nyumbani. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Sisi tulisema: angalia namna breki ya nyuma inavyofanya kazi! Tukalala kijiji cha karibu kwa amani.

Kivuko cha Banalia

Ijumaa tulifika Banalia, kwenye mto Aruwimi. Kwa wasiopajua, hakuna daraja pale. Unashuka njia ya udongo mwekundu mpaka majini, unapanda pantoni, unavushwa. Njia ya kushukia ni kali, na siku ile ilikuwa imelowa. Wafanyakazi wa pantoni walinipungia mkono nishuke. Pantoni ilikuwa tupu, inatungoja sisi. Mama alisema, "Ng'ambo ile njo njia ya Kahindo," akajinyoosha aione vizuri.

Niliteremka polepole. Nusu ya njia nilikanyaga breki, nikaona kwenye kioo cha pembeni jambo ambalo bado linanijia nikifumba macho. Magurudumu ya nyuma yalisimama kabisa, hayazunguki hata kidogo. Gari halikusimama. Liliendelea kuteleza na magurudumu yake yaliyosimama, halafu mkia ukaanza kuja mbele, kana kwamba unataka kutupita. Lofemba alipiga kelele kwa lugha ya kwao. Mtu wa pantoni aliruka pembeni. Tulitoka nje ya njia, tukaingia majini kando ya pantoni, pua ya gari chini, maji mpaka juu ya injini.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Wavuvi walitutoa kwa mitumbwi, Mama wakambeba mgongoni, mfuko wa nguo ameuinua juu ya kichwa. Sufuria zetu zilielea. Zilishuka na mto, moja nyuma ya nyingine, na wale wavuvi wakaenda kuzikusanya wakicheka. Walizirudisha zote isipokuwa kifuniko kimoja, na kuku walipatikana wamekaa juu ya paa la gari wakiwa wamenuna. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka pamoja nao. Lakini nilimwona Mama ukingoni, anaangalia ng'ambo, mkono wake wa kulia umeinuka kidogo kama uani kwangu, umeshika hewa.

Banalia, kungoja

Gari letu lilikuwa limeziba nusu ya njia. Pantoni haikuweza kupakia wala kushusha gari kubwa, na bila gari kubwa hapakuwa na wa kutuvuta. Watu waliokuwa kwenye foleni walituambia maneno ambayo sitayaandika. Mkuu wa kivuko aliamua kwamba pembeni pachimbwe njia nyingine, na sisi wawili tukapewa majembe ya kwanza. Ilikuwa haki. Tulichimba Ijumaa yote iliyobaki, na Jumamosi asubuhi tukaendelea.

Simu ya Kahindo ilikuwa imefungwa, maana kabla ya nadhiri masista hukaa kimya katika mafungo. Ya mkuu wao iliita bila kupokelewa. Mimi nilijiambia bado tuna wakati.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuja kijana wa pikipiki, akasema anaweza kumvusha Mama kwa mtumbwi, na kutoka ng'ambo ampeleke mpaka Buta kabla ya jioni. Mama alikuwa tayari kabla hajamaliza kusema. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na mfuko wake kifuani.

"Niache niende, Kambale."

Nilikataa. Nilimwambia nyonga yake haitastahimili, njia imelowa, mimi najua pikipiki na najua zinavyoangusha watu. Nilimwambia mchana gari litakuwa limetoka na ataenda ameketi kama mama wa bibi harusi. Nilisema kwa upole lakini nilisema kama mwenye amri. Alinitazama, kisha akamwambia yule kijana, "Asante, mutoto yangu," akaketi juu ya sufuria moja iliyopinduliwa. Kijana yule alimpeleka mwalimu mmoja badala yake. Baadaye tulisikia kwamba alifika Buta salama, jua likiwa bado juu.

Mama mmoja wa pale alituletea chakula: lituma tena. Safari hii Mama aliila yote, hakuacha hata tonge. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameanza kukata tamaa.

Alasiri njia ya pembeni ilikuwa tayari, na lori likashuka kutoka pantoni. Dereva wake aliitwa Papa Zefirini, mtu wa sauti kubwa, shingoni taulo, mkononi karanga ambazo hakuacha kuzitafuna hata alipokuwa akifunga kamba ya chuma kwenye gari letu. Alituvuta mara moja tu, gari likatoka. Kisha akainama, akatazama chini ya pikapu, akasimama na kuangalia mikono yetu kama mtu anayetafuta mwizi.

"Nani alifunga frein ya mbele?"

Lofemba alianza kueleza habari za toleka na meno. Papa Zefirini akapiga kelele ya kicheko iliyowaita watu wote wa kivuko.

"Toleka! Toleka iko fupi, na mutu anakaa juu kama kuku kwenye paa. Frein ya mbele inakutupa ju ya vile iko na nguvu! Gari iko ndefu, iko chini, haiwezi kukupindua. Hii nguvu yote unaitupa, unabaki na nini?"

Alivua gurudumu la mbele, akatuonyesha. Niliona diski ya chuma, pana kama sahani ya kulia, na pedi mbili nene zinazoibana kutoka pande zote mbili, zote ziko wazi kwa upepo ili moto utoke. Kisha akavua la nyuma. Ndani ya ngoma ya chuma iliyofunikwa kulikuwa na viatu vya breki vyembamba vinavyosukuma kutoka ndani kwenda nje, vidogo, vimepasuka kwa joto letu na maji yetu. Aliyetengeneza gari alikuwa ameweka kubwa mbele na ndogo nyuma. Hakuficha kitu. Ilitosha kuvua magurudumu mawili kule kwenye mianzi na kuangalia.

Alieleza kwa karanga zake, akizimwaga kwenye kiganja na kuinamisha mkono. Unapokanyaga breki, alisema, uzito wote unakimbilia mbele, hasa ukiwa unashuka. Magurudumu ya mbele yanabanwa chini na kushika njia. Ya nyuma yanakuwa mepesi, yanakaribia kuelea, na ukiyabana yakiwa mepesi yanateleza tu na mkia unakuja mbele. Ndiyo maana kazi kubwa ya kusimamisha iko mbele. Nyuma ni ya kusaidia, kulishika gari lisiyumbe, na kulizuia likiwa limeegeshwa, kwa breki ya mkono.

"Vidole," Mama akasema kutoka kwenye sufuria yake.

"Nini, Mama?"

"Nilibaambia. Ni vidole njo inalia."

Papa Zefirini alifikiri, akapiga paja. "Yeye njo shofere!" akasema. "Ju ya nini hakuwa kwenye usukani?"

Watu walicheka. Mimi niliangalia matope ya viatu vyangu.

Na sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Papa Zefirini hakutoa mpira mpya mahali popote. Aliingia chini ya gari letu, akafungua mpira wa breki unaokwenda nyuma, akauweka mbele kushoto, akaziba bomba la nyuma, akafungua ule wa kulia tulioukunja, akajaza mafuta na kutoa hewa. Basi. Ulikuwa mfupi kidogo, aliuzungusha ukafika. Kazi yote ilikwisha kabla ya karanga zake. Mpira ule ulikuwa chini ya gari letu tangu Alhamisi, na tungekuwa Buta Ijumaa jioni, tunakula kwa masista.

Lakini injini ilikuwa imekunywa mto. Ilichukua Jumamosi yote iliyobaki kuikausha.

Banalia mpaka Buta

Jumapili, kengele ya misa ya kwanza ilipolia Banalia, tulikuwa juu ya pantoni. Mama alikuwa amevaa. Kitenge cha buluu chenye ndege weupe, kilemba kikubwa, na viatu vya ngozi ambavyo alivifuta matope kwa kanga yake ya zamani. Mimi nilikuwa najua kwamba njia iliyobaki ni ya kutwa nzima. Yeye pia alijua. Alivaa hivyo hivyo.

Gari lilienda vizuri. Kila nilipokanyaga breki lilipiga goti kidogo mbele na kusimama, na kila lilipopiga goti nilisikia kama linanisuta. Tuliposimama kwenye kilima nilivuta breki ya mkono, waya wake ukabana vile viatu vya nyuma, gari likatulia. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake tangu mwanzo. Lofemba aliangalia msitu dirishani mpaka jua lilipopanda. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama, unisamehe. Mie niko mutu wa mayi."

"Nimekusamehe, papa. Wewe ulikuja kusaidia."

Mimi hakunitaja. Wala mimi sikuomba, maana nilijua nikifungua mdomo nitalia na sitaiona njia.

Mbele kidogo magogo ya daraja dogo yalikuwa yamesogea, na watu walikuwa wanayarudisha, tukasimama kungoja. Mama aliuliza saa. Lofemba alimwambia. Ilikuwa saa ya misa ya Buta. Mama aliomba ashuke. Alitembea peke yake kwenye ukingo wa barabara, polepole sana, mkono wa kulia umeinuka, umeshika hewa, kwa urefu kama wa kutoka jikoni kwangu mpaka langoni. Alipofika mwisho aliufungua mkono, akauachia. Kisha akarudi, akaingia garini na kusema twende.

Buta

Tulifika jua linashuka. Vijana walikuwa wanakusanya viti uwanjani kwa masista. Kahindo alitoka anakimbia, pete mpya kidoleni, akamkumbatia Mama pale pale mlangoni mwa gari. Mimi nilishusha sufuria. Mtu mwenye aibu hupenda sana kushusha mizigo.

Walikuwa wametungoja mpaka padri akasema haiwezekani tena. Ndipo akaitwa Mama Jorjine, ambaye huuza mikate ya kukaanga kwenye lango la misheni na alikuwa amekuja misa kama watu wengine. Yeye ndiye aliyemshika Kahindo mkono na kumfikisha mbele. Jioni ile alikuja kutusalimu, ana haya, anaomba msamaha kama mtu aliyekalia kiti cha mwenziwe.

"Mama, mie sikutaka kukamata nafasi yenu. Walinisukuma tu."

Mama alimshika ile mikono yake yenye harufu ya mafuta, akaigeuza, akaiangalia. "Mukono yako iko na moto," alimwambia. "Ni muzuri. Yeye tangu utoto anapenda mukono ya moto." Asubuhi yake, kabla ya kuondoka, alikunja kitenge chake cha ndege weupe na kumpa Mama Jorjine. Alirudi Kisangani na nguo za kila siku. Sikumwuliza kwa nini.

Kurudi

Ya kurudi hayana hadithi. Banalia nilinunua mpira mpya, Lofemba akaurudisha mahali pake, breki zote nne zikafanya kazi, pantoni ikatuvusha, na yule mama wa Bengamisa akauliza harusi ilikuwaje. Mama alimwambia ilikuwa nzuri sana. Alieleza maua, nyimbo, mavazi, kila kitu alichosimuliwa na Kahindo, na kama hukujua ungeapa kwamba alikuwepo.

Mmeniomba picha. Ninayo moja tu, aliyoipiga sista mmoja na kuniwekea kwenye simu. Ni ya katikati ya kanisa. Mama Jorjine anatazama mbele, amejikaza, anaogopa kukosea hatua. Kahindo yuko kando yake amevaa nyeupe, mkono wake uko ndani ya ule wa Mama Jorjine. Lakini amegeuza kichwa. Kila mtu kanisani anatazama altare, yeye peke yake anaangalia nyuma, mlangoni.

Mama anaipenda picha ile. Tumeichapisha kwenye karatasi na kuitundika sebuleni, na mgeni akiingia anamvuta mpaka pale, anaweka kidole juu ya uso wa Kahindo. "Unaona?" anasema, uso wote umechangamka. "Alikuwa ananitafuta mimi, mpaka mwisho." Anaisema kama mtu anayeonyesha zawadi. Mgeni anasifu, na mimi nasema nakwenda nje kidogo, kuangalia gari.